Matundu Kwenye Nailoni ya Mahindi

Mimi Obdulia ni mtu wa kushuku, sifichi. Nikinunua mayai nayaangalia moja moja juani. Mtu akinisifia upishi najiuliza anataka nini. Hapa mjini Peribán, Michoacán, wananijua hivyo, na watu wa nyumbani wamezoea.

Kazi yetu ni parachichi. Nyuma ya nyumba tuna jiko la kazi. Kila asubuhi mama yangu, mama Eufrosina, anamenya. Mimi naponda kwa chumvi, limau, kitunguu, pilipili na giligilani, kisha natia kwenye mifuko. Zenaida, mke wa mdogo wangu Arnulfo, anaziba midomo ya mifuko kwa mashine ya moto. Arnulfo anapanga mifuko kwenye masanduku yenye barafu na kuipeleka Uruapan, kwenye kiwanda cha kubana chakula kisiharibike. Huko inabanwa ndani ya maji baridi, bila kupikwa. Ikishabanwa, inakaa jokofuni wiki tatu na parachichi bado ni la kijani.

Katika kila mfuko natia kokwa moja la parachichi. Bibi alitia, mama alitia, na kila nyumba hapa wanatia, ili parachichi lisiwe jeusi.

Mteja wetu mkubwa ni hoteli moja ya Pátzcuaro, kando ya ziwa. Mwaka huu mwenye hoteli alisema hataki tena mifuko ya plastiki, maana inaishia ziwani. Zenaida akatafuta, akaleta mifuko mipya iliyotengenezwa kwa mahindi. Sisi tukaiita nailoni ya mahindi.

"Hii ukiitupa kwenye mboji yenye joto inaoza, wifi," akaniambia.

"Kitu cha kuoza ndicho tufungie chakula cha watu?"

"Haiozi mezani."

"Nani kakwambia?"

"Aliyeniuzia."

"Aliyekuuzia," nikasema. "Haya."

Tukaanza kuitumia. Siku ya sita mwenye hoteli akapiga simu. Mifuko mingine imeota weusi ndani, mingine inavuja. Tukatuma mzigo mwingine, mambo yakawa yale yale. Akatuambia atapokea mzigo mmoja tu zaidi. Ukiharibika, atatafuta watu wengine.

Alirudisha mifuko michache tujionee. Nilichukua mmoja nikaukamua taratibu. Maji ya kijani yakatoka kwenye tundu dogo sana, kama la pini. Na Zenaida hakosi pini kwenye aproni yake.

Msinione mbaya. Zenaida ni mtu wa Zamora. Ndugu zake huko wanalima stroberi, na kila sikukuu wanamwambia Arnulfo aende akafanye kazi nao. Jiko letu likifa, Arnulfo atakwenda. Nikaona picha yote.

Nikaanza kumchunga. Akienda chooni, nahesabu mifuko. Akiinama, nainama.

"Wifi, umepoteza kitu?" akaniuliza siku moja.

"Bado sijajua."

Siku mbili baadaye tulikuwa mezani, tunakula maharage na tortila, zile chapati zetu za mahindi, sote wanne. Sikuweza kuvumilia. Nikatoa ule mfuko nikauweka mbele yake.

"Zenaida, pini yako inafanya kazi gani jikoni?"

Aliangalia mfuko, akaniangalia mimi. "Unasema nini?"

"Nasema mifuko ina matundu ya pini. Mama hana pini. Mimi sina pini."

"Kwa hiyo natoboa chakula cha nyumba yangu mwenyewe?"

"Nyumba yako ni hii au ya Zamora?"

Arnulfo akaniambia, "Dada, nyamaza." Mimi sikunyamaza. Nilisema mengi, na mengine siyarudii hapa. Zenaida alivua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya kiti. Jioni ile kaka yake alikuja kumchukua.

"Mzigo huu wa mwisho nitaupeleka," Arnulfo akaniambia. "Baada ya hapo namfuata mke wangu. Utapata jiko lako peke yako."

Mama aliacha kula. Alizaa sita, na aliyebaki naye karibu, ukiniacha mimi, ni Arnulfo. Nilimwona anavyotazama kiti cha Zenaida, nikaumia. Lakini bado nilijiona niko sahihi, na niliamua kuthibitisha.

Mzigo wa mwisho niliutengeneza mimi. Niliponda mimi, nikatia kokwa mimi, nikaziba mimi. Pini zote za nyumba nilizifungia kabatini. Arnulfo alipoanza safari, nilikaa nyuma ya gari juu ya masanduku mpaka Uruapan.

Kiwandani tulipokewa na injinia Remedios Tzintzún, mwanamke mfupi aliyevaa buti nyeupe za mpira.

"Mama, mbona umekalia mzigo?"

"Naulinda."

"Unaulinda dhidi ya nani?"

"Dhidi ya mwenye pini. Leo hayupo, kwa hiyo leo utaona mifuko mizima."

Wafanyakazi waliipanga mifuko kwenye kikapu, kikapu kikaingia kwenye pipa la chuma nene, maji yakajazwa, mlango ukafungwa. Nilisimama pale pale. Baada ya dakika chache kikatoka. Nikachukua mfuko wa kwanza. Nailoni ilikuwa imepauka, ina mikunjo myeupe. Nikaukamua. Ulivuja. Nikachukua wa pili, nao ukavuja.

Hapo nilipaswa kumkumbuka wifi yangu. Lakini kushuku ni ugonjwa.

"Kumbe ni nyinyi," nikamwambia injinia. "Humo ndani kuna kitu chenye ncha."

Hakukasirika. Alifungua lile pipa. "Ingiza mkono, mama. Pitisha kote."

Nikaupitisha. Chuma kilikuwa laini kuliko sahani zangu.

Injinia akachukua mfuko uliovuja, akaukata kwa mkasi. Kokwa likadondoka mezani.

"Na hili?"

"Kokwa. Wewe si mtu wa Michoacán?"

"Nimezaliwa hapa hapa. Mama yangu analitia kwenye bakuli. Kusema kweli halisaidii sana, linazuia weusi pale tu lilipokaa. Lakini bakuli halibanwi. Keti nikuonyeshe."

Niliketi.

"Ndani ya pipa maji yanabana mfuko kutoka pande zote kwa pamoja, kwa nguvu kubwa sana," akasema. "Vijidudu vinavyoharibu chakula vinakufa. Parachichi lenyewe linajikusanya. Kama mfuko una sehemu saba, kwa muda ule zinabaki kama sita. Tukiachia, linarudi kama lilivyokuwa. Sasa, mfuko unatakiwa ufanye nini?"

"Ujikusanye nalo."

"Na urudi nalo. Nailoni inayojikunja vizuri inafanya hivyo. Hii ya kwako ya mahindi ni kavu, ngumu. Sikiliza inavyolia ukiikunja. Ikijikunja sana pahali pamoja, inapasuka kwenye mkunjo. Ndiyo matundu yako ya pini."

"Na kokwa?"

Akalimenya lile kokwa kwa kucha. Ganda jembamba la kahawia likabanduka. "Chini ya ganda hili kuna hewa. Pembeni ya kokwa, mahali ambapo parachichi halikujaa, kuna hewa. Hewa ikibanwa hivi inakuwa kama haipo. Nailoni inazama pale, inajikunja juu ya kitu kigumu. Plastiki yenu ya zamani ilikuwa nene na inavutika, ilivumilia. Hii haivumilii."

"Kwa hiyo pini..."

"Pini hakuna, mama."

Arnulfo alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia yote.

Injinia alizuia kikapu cha pili kisibanwe. Akatuambia tusipeleke mzigo ule hotelini, tumpigie mteja na kumweleza ukweli. Arnulfo alipiga. Mwenye hoteli alinung'unika, kisha akatupa miezi miwili ya kurekebisha.

Kisha injinia akatengeneza mifuko mitatu kwa nailoni ile ile. Wa kwanza ulikuwa na kokwa. Wa pili hauna kokwa, lakini aliuacha na hewa. Wa tatu hauna kokwa, na hewa aliikamua yote kwa kiganja kabla ya kuziba. Akaibana yote. Alipoilaza juu ya karatasi kavu ya jikoni na kuikandamiza, wa kwanza ulilowesha karatasi. Wa pili uliacha nukta moja. Wa tatu haukuacha kitu.

"Basi tatizo limekwisha," nikasema.

"Usiwe na haraka. Tundu ni jambo moja. Jambo la pili ni kwamba nailoni nyingine za mimea zikishabanwa zinabadilika. Zinapauka, zinakakamaa, na hewa inaweza kupenya hata kama huoni tundu. Uweke huu jokofuni, uufungue siku ya kumi. Na mifuko mipya unaiweka wapi?"

"Rafu ya juu ya jiko, karibu na sufuria."

"Inakunywa mvuke. Nailoni nyingi za mimea hazipendi unyevu. Iweke pakavu, ndani ya sanduku lenye mfuniko. Na usinunue kwa maneno ya muuzaji. Muulize, je, imejaribiwa kwenye mashine ya kubana? Akuonyeshe karatasi ya majaribio. Halafu lete michache tuibane kabla hujanunua mingi."

Tukaondoka. Kwenye njia panda Arnulfo hakukata kona kwenda nyumbani. Alikwenda Zamora moja kwa moja.

Zenaida alitoka mlangoni akifuta mikono. Nilishuka.

"Nimekusingizia," nikamwambia. "Matundu yanatokana na mashine na nailoni na makokwa yangu. Niliziba mwenyewe, nikalinda mwenyewe, na yakatokea. Nisamehe."

Aliacha kufuta mikono. "Ulinisingizia wapi, wifi?"

"Nyumbani."

"Mezani, mbele ya mama. Samahani ya mlangoni siichukui. Siku ukiwa tayari, useme pale pale."

Nilirudi peke yangu kwa gari la jirani yao. Arnulfo alibaki.

Mimi na mama tulifanya kazi wawili, na ilikuwa nzito. Siku ya kumi tulifungua ule mfuko wa tatu. Haukuvuja, lakini parachichi la pembeni lilikuwa limeanza kuwa la kahawia. Injinia alisema kweli. Nikamtafuta muuzaji mwingine kule Guadalajara, nikamuuliza maswali mpaka akachoka. Alikuwa na nailoni ya mimea yenye matabaka mawili, laini, na karatasi ya majaribio anayo. Sikuamini karatasi. Nilipeleka mifuko sita kwa injinia, ikabanwa bila kokwa na bila hewa, nikaiweka wiki tatu. Ilibaki angavu, na ndani kijani. Mwenye hoteli akauonja mmoja, akasema tuendelee.

Mama aliposikia, hakufurahi kama nilivyotegemea. "Vizuri," akasema. "Sasa nani ataziba?"

Jumapili iliyofuata niliwaalika Zenaida na Arnulfo waje kula. Walikuja, Zenaida akakaa kwenye kiti kile kile. Nikaweka kijiko chini.

"Mama, siku ile mezani hapa nilisema Zenaida anatoboa mifuko ili jiko letu life. Haikuwa kweli. Sikuwa na ushahidi, nilikuwa na chuki. Alitaka kutusaidia, nami nikamfukuza. Nasema mbele yako na mbele ya mume wake."

Mama alimgeukia Zenaida. "Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, mama."

Akaomba apitishiwe tortila. Walilala kwetu usiku ule.

Asubuhi Zenaida alivaa aproni, akasimama kwenye mashine. Nilitia parachichi kwenye mfuko wa kwanza, nikakamua hewa yote kwa kiganja, nikampa. Aliuinua kwenye mwanga, akaugeuza pande zote, akanirudishia.

"Pembe hii ina hewa, wifi."

Haikuwa na hewa. Niliangalia mara mbili. Nikaikamua hivyo hivyo, nikampa tena, naye akauziba.