Vidonge vya Jumamosi

Mtaani kwetu, nyuma ya kiwanda cha sukari, hakuna anayenunua kitu kizima. Sabuni ya nywele ni kipakiti. Sigara ni moja. Siki ni ya kujaza kikombe. Bi Pacita, mwenye duka, anakata kila kitu kwa mkasi wake. Ndivyo tunavyoishi, na sioni aibu kusema.

Jirani yangu Marivic alinunua hivyo hivyo hata vidonge vya kuzuia mimba. Mumewe, Nestor, ni fundi ujenzi huko Manila. Hurudi Jumamosi. Basi kila Jumamosi Marivic alikwenda dukani.

"Nikatie kimoja."

"Kimoja tu? Kwani bwana kachoka leo?" Bi Pacita alimtania.

"Kata basi, watu wanasikia!"

Tulicheka sote. Lakini halikuwa jambo la kuchekesha. Alipomzaa binti yake wa pili, Marivic alipandwa na presha, akapata kifafa cha mimba. Daktari alimwambia wazi kwamba mimba nyingine ingeweza kumuua.

Mimba ikaingia. Ilipofika miezi saba akaanguka jikoni, wali ukiungua mekoni. Tulimkimbiza hospitali kwa bajaji. Marivic alipona. Mtoto, wa kiume, alizaliwa amekufa. Nestor alimzika katika kisanduku alichokipigilia misumari mwenyewe. Jamani, niliumia. Mpaka leo naumia.

Baada ya msiba, mkunga wa kituo cha afya, Nelia, alikuja kumwona.

"Lakini nilikuwa nameza!" Marivic alilia. "Mungu ni shahidi, nilikuwa nameza!"

"Nionyeshe ulichokuwa unameza, mdogo wangu."

Marivic akatoa kimoja kilichobaki, cha rangi ya kahawia. Nelia akakitazama, akashusha pumzi.

"Hiki hakizuii mimba. Ni madini ya chuma tu, huwekwa mwisho wa pakiti. Na hata vile vyeupe vya mwanzo, vyenye dawa yenyewe, ukimeza siku ya bwana tu, ni bure. Dawa hii humezwa kila siku, awepo asiwepo."

"Mbona Bi Pacita hakuniambia?"

"Bi Pacita anauza siki, mwenzangu. Nani alikupima presha kabla hujaanza?"

Marivic akatikisa kichwa.

"Unaona? Vidonge hivi havimfai mwenye presha. Damu inaweza kuganda, ukapooza. Twende kwa daktari."

Daktari alimpima, akamuuliza maswali mengi, kisha akamwandikia vidonge vya aina nyingine, vinavyomfaa. Alipewa pakiti nzima. Nelia akamsisitizia.

"Saa ile ile kila siku. Ukichelewa kwa muda wa zaidi ya saa tatu, meza mara tu ukumbukapo, na mtumie kondomu siku mbili. Kichwa kikiuma sana, kifua kikibana au mguu ukivimba, usingoje. Njoo mbio."

Marivic alichagua kumeza ikilia kengele ya kanisa ya saa kumi na mbili jioni. Sasa mwaka umepita. Hana mimba, na presha imetulia kwa dawa. Bi Pacita hakati tena vidonge. Ukimwomba, anakuelekeza kituo cha afya, tena kwa ukali.

Jana nilikuwa kwao kengele ilipolia. Binti yake mkubwa akaleta maji.

"Mama, dawa."

Marivic akameza. Akakaa na kikombe mkononi, akisikiliza.

"Kengele hii, dada," akaniambia, "inalia tangu nizaliwe. Laiti ningeambiwa mapema."

Akafuta machozi, akaenda kuwapakulia wanawe wali.