Na Vitu Vyako Vyote

Jioni ile, katika seli ya mwisho ya mahabusu wanawake, walikuwemo watu wanne na nusu.

Alikuwemo Mshonaji, mkubwa wa seli, ambaye kesi yake ilikuwa imelala mpaka watu wakasahau alishtakiwa nini. Alikuwemo Domo, muuza mitumba aliyepigana sokoni, mwenye ulimi usio na breki. Alikuwemo Mwalimu, ambaye tangu aletwe hakusema neno, ila kila baridi ilipozidi alivua sweta lake akamfunika mtoto wa mwenzake. Na Mama Kichanga, mfanyakazi wa ndani aliyesingiziwa mkufu wa tajiri wake. Hiyo nusu ilikuwa mwanawe, waliyempa jina la Bwana Mkubwa, kwa sababu ndiye pekee aliyezunguka mle ndani bila kuulizwa anakwenda wapi.

Nje alikuwepo Afande Funguo, askari wa zamu.

Na mwingine mmoja. Huyo tutamfikia.

Balaa lilikuwa miguu ya mtoto. Alikuwa ameanza kutembea wiki ile ile, na mtoto akishatembea, utaratibu wa pale ni kumpeleka kituo cha watoto. Afande Funguo alimwona akijikongoja, akageuza uso. "Mimi sijaona kitu," alisema. "Ila mkuu akija kukagua, yeye ana macho."

Hukumu ilikuwa kesho. Mama Kichanga akiachiwa, angetoka na mwanawe mgongoni. Akifungwa, angebaki na mgongo mtupu.

Walichuchumaa kuhesabiwa kama kawaida, na kama kawaida Afande Funguo alimalizia kwa kuita, "Bwana Mkubwa?"

"Ipo!" mtoto akaitika kwa sauti yote.

Wote wakacheka. Domo ndiye aliyemfundisha kusema nipo. "Huyu atakuwa mbunge," alisema. "Anaitika hata kabla hajajua anaitiwa nini."

Hapo ndipo Mama Kichanga alipokumbuka nepi.

"Afande, nepi za mtoto zimebaki kambani."

"Kimbia. Nikimaliza kufunga seli za mbele nikukute mlangoni."

Kamba ilikuwa nyuma ya jiko, karibu na tangi la zamani la maji, lililofunikwa kwa zege. Jua lilikuwa limeshazama. Mama Kichanga alipokata kona, alisimama.

Askari mwanamke alikuwa pale, amempa mgongo. Alikuwa anaanua nepi, moja moja, anazikunja taratibu kama mama mzazi.

Hakuwa amemwona askari huyo kabla. Pia kulikuwa na harufu... harufu ya nguo zilizoloweka zikasahaulika ndani ya ndoo.

"Za mtoto gani hizi?" aliuliza yule askari bila kugeuka. Sauti yake ilikuwa ya upole.

"Wangu, afande. Humu wanamwita Bwana Mkubwa. Mimi ni Mama Kichanga."

"Mnasubiri nini?"

"Hukumu. Kesho."

"Kesho," alirudia, kama aliyeonja shubiri. "Kesho ni mbali. Nitakuja kukufungulia leo. Ukiitwa, itika."

Akamnyooshea nepi kwa nyuma, bila kugeuka. Mama Kichanga akazipokea na kukimbia, moyo ukimruka kwa furaha. Alipofika mlangoni ndipo akahisi kifua kimelowa. Nepi zilikuwa zimekauka tangu mchana. Sasa zilikuwa zinachuruzika.

Mlango ulipofungwa, aliwasimulia wenzake huku akitafuta ndala za mtoto.

"Leo? Jioni hii?" Domo alicheka. "Labda mahakama imehamia jikoni."

Mshonaji hakucheka. Aliokota nepi moja, akainusa, akaiweka chini polepole.

"Ulimtajia jina?"

"Ndiyo, dada."

"La mtoto pia?"

Mama Kichanga akaitikia kwa kichwa. Mshonaji akashusha pumzi.

"Nilipoletwa hapa niliwakuta wa zamani wakimsema. Alikuwa askari. Jioni moja ilikuja amri ya kumwachia mahabusu mjamzito. Yeye alikuwa ameshafunga milango, amechoka. Akasema, kesho siyo mbali. Kabla ya asubuhi yule mama alikufa kwa uchungu, yeye na mtoto tumboni. Na yule askari wenzake wakamkuta amekufa ndani ya lile tangi." Akashika mkono wa Mama Kichanga. "Tangu hapo anawafungulia watu, mdogo wangu. Na anafungua kweli. Ila anachofungua si mlango. Akikuita, usiitike."

Giza likaingia. Balbu ya korido ikazimika.

Chwa...

Chwa... chwa...

Hatua za viatu vilivyojaa maji. Funguo zikilia taratibu. Harufu ile ikapita chini ya mlango, ikawafikia puani.

"Mama Kichanga."

Aliuma shuka.

"Mama Kichanga. Toka. Na vitu vyako vyote."

Ayaa! Kila mahabusu huyaota maneno hayo. Na vitu vyako vyote: maana yake hutarudi tena. Machozi yalimtoka. Akafikiria kesho, hakimu, kituo cha watoto, mgongo mtupu. Na kama Mshonaji amekosea? Na kama ni askari tu, mwenye huruma, aliyelowa mvua ya huko alikotoka? Mdomo ukafunguka wenyewe. Mwalimu akamrukia, akauziba kwa kiganja.

Funguo zikaacha kulia.

Kisha sauti ikashuka chini, kwenye uwazi wa mlango, usawa wa mtoto.

"Bwana Mkubwa?"

Mtoto akainua kichwa. Akatabasamu. Huu mchezo aliujua.

Mama yake alimrukia. Mbali. Mbali mno. Kile kifua kidogo kilishavuta pumzi...

"NIPO!"

Haikuwa sauti ya mtoto.

Mshonaji alikuwa amesimama katikati ya seli. "Nipo, afande," alisema tena, sasa kwa utulivu. "Waache hao. Mimi ndiye niliyesubiri zaidi."

Ufunguo ukazunguka. Mlango haukutikisika, lakini wote walisikia komeo likifunguka, *kla*, mahali fulani karibu sana. Mtoto akaanza kulia.

Mshonaji akajilaza kwenye mkeka wake. "Laleni," alinong'ona. "Yameisha."

Asubuhi walimkuta hivyo hivyo, amelala chali, viatu mguuni, furushi lake limefungwa vizuri kando yake. Hakuna aliyemwona akilifunga. Mwili ulikuwa baridi. Kutoka mlangoni hadi kwenye mkeka kulikuwa na nyayo za maji. Za kurudi zilikuwa za watu wawili.

Daktari alisema moyo.

Afande Funguo aliingia kwa haraka, ametabasamu, kisha akaona. Akaushika ukuta.

"Nilikuwa nakuja kumwita," alisema. "Mahakama walipiga simu jana jioni. Kesi yake imefutwa. Nilikuwa nimeshafunga... nikasema, kesho siyo..."

Hakumaliza. Mwalimu ndiye aliyeongea, neno lake la kwanza tangu aletwe.

"Afande," alisema, "usipite karibu na lile tangi."

Mchana wa siku hiyo hakimu alimwachia Mama Kichanga, na akatoka na mwanawe mgongoni, amefungwa kwa shuka la Mshonaji.

Mtoto sasa yuko darasa la pili. Mwalimu wa darasa akiita majina asubuhi, wenzake wote huitika. Yeye hunyoosha mkono tu.