Mama Sura na Mfuko wa Sanaa

Kila asubuhi, chai ikiwa bado ya moto, Mama Sura alikuwa tayari ameshika patasi. Alichonga vichwa vya vikaragosi. Alichonga mzee mwenye meno mawili, bwana harusi mwenye aibu na mbuzi mwenye kiburi. Ndiyo maana watu walimwita Mama Sura.

Mumewe alifunga nyuzi na kuvipa vikaragosi sauti. Yeye aliitwa Sauti Kumi. Binti yao alisema ni tisa tu, kwa kuwa sauti ya mbuzi na ya mwenye nyumba ni moja.

Karakana yao ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ukumbi wa zamani. Ilinuka gundi na rangi. Vumbi la msasa liliwakaa hadi kwenye nyusi. Vikaragosi vipya vilining'inia ukutani, kila kimoja kimefunikwa uso kwa kitambaa.

Hiyo ilikuwa desturi yao. Baba mkwe wa Mama Sura, aliyewafundisha kazi, alisema: kikaragosi kipya hakionyeshwi uso kabla ya siku yake ya kwanza jukwaani. Mgeni akitokea wakati wa mazoezi, mmoja wao alipiga kelele, "Funika!" Mikono yote ilikimbilia vitambaa.

Walikuwa na sababu. Zamani kundi jingine la mjini liliwachungulia. Kabla hawajapanda jukwaani, mchezo wao ulikuwa umekwisha kuonyeshwa na wengine. Tangu hapo, kwa Mama Sura, kila mgeni alikuwa mwizi hadi athibitishe vinginevyo.

Siku moja redio ilitangaza habari. Baraza la mji lilikuwa linafikiria kuufunga Mfuko wa Sanaa. Mfuko huo ulitokana na kodi za wananchi, na ulisaidia makundi ya sanaa.

"Heri waufunge," alisema Sauti Kumi. "Mfuko wenyewe una wenyewe. Tumeomba mara mbili, tumenyimwa mara mbili. Kwaya ya mke wa mjumbe wa kamati imepewa."

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Mama Sura. "Wanagawana huko huko."

Lakini wote wawili walijua hali yao. Walicheza katika wodi ya watoto na katika shule, na huko hakukuwa na kiingilio. Ukumbi ulitaka kodi ya pango. Sauti Kumi alikuwa amekwisha kuzungumza na mtu wa machimbo ya mawe, mbali na mji.

"Wakitunyima tena, nakwenda kuvunja kokoto," alisema.

"Na karakana?"

"Wewe utachonga."

"Nichonge, halafu nani aseme?"

Sauti Kumi aliinama, akaendelea kufunga nyuzi.

Jirani yao aliingia wakati huo, amekuja kurudisha ungo. Alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, na mtaa mzima ulimwita Nesi. Mwaka huo wakazi walikuwa wamemchagua awawakilishe katika kamati ya mfuko.

Mama Sura alimtazama kwa jicho la upande. "Karibu, mjumbe. Tulikuwa tunawasema."

"Nimewasikia kutoka uani. Shemeji, sauti yako haihitaji redio." Nesi aliketi juu ya gogo. "Mlinyimwa kwa sababu gani?"

"Sababu tunaijua."

"Sikuuliza mnajua nini. Nimeuliza mliambiwa nini."

Mume na mke walitazamana. Hawakuwa wameambiwa kitu, kwa kuwa hawakuwa wameuliza.

"Mwombaji aliyenyimwa ana haki ya kuuliza sababu," alisema Nesi. "Ofisi ina wajibu wa kumjibu. Na hiyo hoja ya kuufunga mfuko itajadiliwa kwenye kikao cha wazi. Mtu yeyote ataingia, atanyosha mkono, atasema."

"Na wewe unapata nini kwa kutuambia?" aliuliza Mama Sura.

"Sipati kitu, shoga. Haya yamebandikwa kwenye mlango wa ofisi. Yasiyobandikwa sitakwambia, hata ukinipikia."

Alipoondoka, Mama Sura aliugeuza ungo na kuukagua. Haukuwa umetoboka. Hata hivyo alisema, "Anatuchota maneno huyu."

Lakini siku ya kikao alivaa gauni lake zuri, akaenda. Alikwenda kuiumbua kamati.

Ukumbi wa baraza ulijaa. Diwani wa mtaa wa bondeni alisimama kwanza. Nyumba za mtaa wake ziliingia maji kila mvua iliponyesha.

"Mfereji ukiziba, mtaa mzima unaugua," alisema. "Kikaragosi kikivunjika, nani anazikwa?"

Watu walicheka na kupiga makofi. Mama Sura aliona uchungu, lakini pia aliona kwamba mtu huyo hakusema uongo.

Mwalimu mmoja alinyosha mkono. "Mheshimiwa, mifereji hata mimi naitaka. Naomba kuuliza jambo moja. Mfuko ukifungwa, fedha hizi zitakwenda kwenye mifereji? Imeandikwa wapi?"

Mwenyekiti alikohoa. Alishauriana na mhasibu. Mwishowe alikiri kwamba hilo halijapangwa. Minong'ono ilienea ukumbini.

Mama Sura alilipenda swali hilo. Mwalimu yule alikuwa na shaka kama yeye. Tofauti ni kwamba mwalimu aliileta shaka yake mbele ya watu wanaoweza kuijibu. Yeye aliifuga nyumbani kama kuku.

Zamu yake ilifika. Alisimama, akafungua mdomo kuisema kamati. Ndipo alipomwona mtu aliyeketi karibu na mwenyekiti. Mtu huyo alikuwa amevaa kofia ya kijivu.

"Huyo!" Mama Sura alimnyoshea kidole. "Huyo ni mwizi! Alikuja karakanani kwetu mara mbili kutuibia mchezo. Sasa ninamkuta ameketi na wakubwa! Mnataka ushahidi gani zaidi?"

Mtu wa kofia alisimama taratibu.

"Ni kweli nilikwenda mara mbili," alisema. "Mimi ni mtathmini wa mfuko. Kazi yangu ni kuangalia kama kundi linaloomba lipo kweli, na linafanya nini. Mara ya kwanza nilisikia mtu akisema 'Funika!' Nikaona vitambaa vitupu, nikasukumwa nje. Mara ya pili nilikuwa natoa kitambulisho mfukoni. Maji ya kuoshea brashi yalinifikia kabla kitambulisho hakijamfikia mama huyu. Shati lile bado lina buluu."

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Hata diwani wa bondeni alifuta machozi.

"Kwa nini usitupe taarifa kabla ya kuja?" aliuliza Mama Sura. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Kwa sababu kuna makundi ya mkobani, mama. Mtu ana mhuri na jina la kundi, lakini msanii hana hata mmoja. Ukimpa taarifa, anakodi watu wa siku moja. Kwenu nilikuta vitu vimefunikwa na watu hawataki kuulizwa. Ungekuwa wewe, ungeripoti nini?"

Mama Sura aliketi. Masikio yake yalikuwa ya moto. Yeye alimshuku mtu huyu kuwa mwizi wa sanaa. Mtu huyu naye alimshuku yeye kuwa mwizi wa fedha. Wala hakuna aliyemuuliza mwenzake swali moja.

Mjadala uliendelea mpaka jua likageuka. Madiwani walipiga kura. Mfuko ulibaki, ila ulipunguzwa. Makundi yalitakiwa kuomba upya, na kila moja lingetembelewa.

Nyumbani, Sauti Kumi alishika kichwa. "Umwonyeshe mtathmini nyuso? Baba angesema nini?"

"Baba hakuomba fedha za watu," alisema Mama Sura. "Sisi tunaziomba. Mwenye fedha ana haki ya kuona."

"Na akiusimulia mchezo wetu kwa wengine?"

Walikwenda kumuuliza Nesi. Alikuwa anaanua nguo. "Mtathmini haruhusiwi kusimulia kazi ambayo haijaonyeshwa," alisema. "Akisimulia, mshitakini kwa kamati, ataondolewa. Na ninyi mna haki ya kukagua kitambulisho chake kabla hajaingia. Lakini mlango mfungue. Mficha uchi hazai. Mimi nafanya kazi hospitali, nimeliona hilo kwa macho."

Mtu wa kofia alikuja tena bila taarifa, wakiwa katikati ya mazoezi. "Fu—" alianza Sauti Kumi. Mkewe alimkata kwa jicho.

Mama Sura alienda mlangoni. Alidai kitambulisho. Alikisoma, akakigeuza, akakiinua kwenye mwanga, akamtaka mgeni avue kofia ili alinganishe picha.

"Umenona tangu upigwe picha hii," alisema.

"Ni kweli, mama. Nami naona leo huna ndoo."

"Ndoo ipo. Ingia."

Alirudi ukutani. Akaondoa kitambaa cha kwanza. Kikaragosi kilikuwa hakijakamilika. Kilikuwa na sikio moja, na mdomo wake haujapakwa rangi. Mgeni alikitazama kwa makini. Aliuliza mchezo unahusu nini, unaonyeshwa wapi, na nani anashuhudia kwamba umeonyeshwa. Sauti Kumi alimtajia wodi na shule, na majina ya wakuu wa huko. Mgeni aliandika kila kitu. Hakusifu wala hakukosoa. Alipoondoka, hawakujua amependa au amechukia.

"Uso wake umefunikwa kuliko vikaragosi vyetu," alinong'ona Sauti Kumi.

Siku ya uamuzi waombaji waliruhusiwa kuketi nyuma na kusikiliza. Mama Sura alikaa akiwakodolea macho wajumbe mmoja mmoja. Kwaya ilipotajwa, alimwona yule mjumbe ambaye mke wake anaimba humo. Alikuwa bado ameketi, kalamu mkononi. Mama Sura alinyosha mkono.

"Mwenyekiti, naomba kuuliza. Mjumbe akiwa na mtu wake katika kundi, anaruhusiwa kuliamulia?"

"Haruhusiwi," alijibu mwenyekiti. Alimtazama mjumbe. Mjumbe aliona haya, akachukua miwani yake, akatoka nje. Kwaya ilijadiliwa bila yeye. Safari hii ilipewa sehemu ndogo tu ya ilichoomba.

Mama Sura alijiona mkubwa. Kisha kiburi kilimshuka, kwa kuwa kundi lililofuata lilikuwa la kwake.

Nesi alisimama.

"Waombaji hawa ni majirani zangu na rafiki zangu," alisema. "Ninaomba kutoka." Naye akatoka, hata hakugeuka nyuma.

Mtu pekee aliyewajua katika chumba kile amekwenda! Waliobaki wote walikuwa wageni, na aliyeombwa kueleza habari zao alikuwa mtu ambaye Mama Sura alimmwagia maji ya rangi. Alitamani kumwita Nesi arudi. Lakini angemwitaje? Ni yeye mwenyewe aliyeidai sheria ile, dakika chache tu zilizopita.

Mtu wa kofia alisoma taarifa yake. Hakutaja shati wala ndoo. Alisema kundi lipo, kazi ipo, hospitali na shule zimethibitisha. Alisema pia kwamba mipango ya kundi hilo haina utaratibu. Wajumbe waliuliza maswali makavu, wakanyosha mikono.

Mama Sura alipotoka, alimkuta Nesi kwenye benchi la nje. Mwishoni mwa benchi hilohilo aliketi yule mjumbe wa kwaya, akitazama ukuta.

"Vipi?" aliuliza Nesi.

"Wametukubalia mwaka mmoja. Lazima tufungue mazoezi kwa wakaguzi, na tupange kazi vizuri." Mama Sura alijitupa kwenye benchi, katikati yao. "Shoga, ulipotoka nilikutukana moyoni."

"Tusi gani?"

Mama Sura alimnong'oneza sikioni. Nesi alicheka hadi mlinzi akaja kuangalia. Hata mjumbe wa kwaya alitabasamu, ingawa hakulisikia tusi lenyewe.

"Afadhali wewe umetukana moyoni," alisema Nesi. "Ningebaki ndani, kesho mtaa mzima ungenitukana kwa sauti. Na ungekuwa na haki."

Mama Sura alinyanyuka haraka. Sauti Kumi alitakiwa kumjibu mtu wa machimbo jioni ile. Ilibidi amwahi mumewe, amwambie haendi tena machimboni.