Sakafu Isiyofagiwa ya Tisura

Zama zile Warumi walipotawala hadi ukingo wa jangwa, mji wa Tisura ulizingirwa na watu wa jangwani kwa siku tisini na moja. Ndani ya kuta zake aliishi Gulusa, fundi wa sakafu za vijiwe, aliyechoka tangu siku ya kumi. Punda wote walikwisha kuliwa. Watu walikuwa wakichemsha mikanda. Nyumbani, mkewe Arishati, mjamzito wa miezi minane, hakuweza tena kuinuka kitandani.

Hata hivyo Fabuleno, mkuu wa mji, alitaka sakafu ya ukumbi wake wa karamu imalizike. Alikuwa na kile kipaji cha wakuu cha kukumbuka mapambo wakati paa linaungua.

Sakafu yenyewe ilikuwa ya mtindo uliobuniwa na watu waliovimbiwa: ilionyesha, kwa vijiwe vya rangi, ukumbi ambao haujafagiwa baada ya karamu. Vijiko vilivyodondoka, bakuli lenye ufa, taa ya udongo, kikapu kilichopinduka na mkate wake wa ufuta, mifupa ya samaki. Kila kitu kilikuwa na kivuli chake. Gulusa alipachika ufuta ule punje kwa punje huku tumbo likimnguruma.

Siku ya tisini na moja maadui wakatuma neno: mjumbe wao anaingia kuutazama mji. Akiukuta una njaa, watangoja siku chache tu malango yafunguke, na kila aliyemo atauzwa utumwani.

"Tumekwisha," alisema Fabuleno. "Nitamwonyesha nini? Supu ya kiatu?"

"Mwonyeshe sakafu, bwana mkubwa," alijibu Gulusa, akiwa amekaa chini kwa sababu kusimama kulikuwa kazi. "Shusha mapazia. Nitaimwagia maji ing'ae."

"Na akitaka kuokota?"

"Mwambie desturi yenu. Kilichoanguka karamuni ni cha wafu."

Mjumbe aliitwa Izdan. Alikuwa na ndevu nyeupe, joho la ngozi ya mbuzi, mkuki mfupi na mlinzi mmoja. Walimkuta Fabuleno amejilaza, amefunga mto tumboni chini ya vazi lake.

"Karibuni. Mtusamehe uchafu huu," alisema, akijitahidi kucheua. "Watumishi wameshiba, hawawezi kuinama."

Mlinzi alitumbua macho. Mara akainama kuokota kijiko.

"Wewe! Acha!" alifoka Gulusa kutoka pembeni. "Hicho ni cha wafu. Ukikigusa watakufuata hadi kwenu!"

Mlinzi alirudisha mkono kama aliyeungua. Izdan hakuinama. Alivua kiatu taratibu, kana kwamba anakung'uta mchanga, kisha akaushusha mguu mtupu juu ya kijiko. Gulusa aliviona vidole vile vikipapasa: kijiko, bakuli, mkate. Vyote bapa, vyote baridi. Mzee akainua macho, wakatazamana.

"Mkate wa ufuta," alisema Izdan. "Mke wangu huoka hivi. Miezi minne sijauonja."

"Wangu ana mimba ya miezi minane," alisema Gulusa, asijue kwa nini amesema.

Izdan akashusha pumzi, akavaa kiatu.

"Umeona?" alimwambia mlinzi kwa sauti kubwa. "Wana vijiko vya kutupa. Tutazeekea hapa. Twende tukawaambie wenzetu wafunge mizigo."

Alasiri mahema yakaondoka, na kesho yake ngano ikaingia mjini. Arishati akajifungua salama.

Fabuleno alijisimamishia sanamu langoni, tumbo likiwa la ukubwa ule ule wa siku ile. Gulusa hakupewa kitu. Alilala siku sita, ya saba akarudi ukumbini na, bila kumwuliza mtu, akapachika kitu kimoja zaidi kando ya mkate: kiatu cha msafiri, kamba zimelegea.

Sanamu ilivunjwa zamani, mawe yake yakatumika kujenga zizi. Kiatu kingali pale, na wanaokitazama husema kwamba kilisahauliwa na mlevi.