Mpaka Uliochipua Uani

Soko la Sake siku ya Jumamosi halina adabu. Gunia la makaa litakusukuma mgongoni, na aliyelibeba atakutukana wewe kwa kuwa na mgongo. Athanasie alishazoea. Fromaji zake zote, jibini za ng'ombe wa kwao, zilikuwa zimenunuliwa kabla ya saa tano, na sasa alisimama na kitenge chake cha buluu na buti zake za zizini mbele ya Mama Victorine, muuza miche, aliyepanga miche yake kwenye vibidoni vya mafuta vilivyokatwa vichwa.

Aliinama kuchukua mmoja wenye majani marefu. Mkono wa mwanaume ukaushika kutoka upande wa pili.

"Pole, dada. Hii agapanti nimeiona wa kwanza."

"Agapanti?" Athanasie hakuachia. "Kaka, macho yako imejaa vumbi. Hii ni amarilisi."

"Majani inakataa."

"Majani inadanganya kama banaume. Angalia chini." Alizamisha kidole kwenye udongo na kufukua kidogo. Kitunguu cheupe kikatokeza. "Agapanti iko na kitunguu?"

Mama Victorine alicheka hadi kilemba kikamlegea. Yule kijana, mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi kama la mtu anayekwenda kubatizwa, aliukodolea macho mkono wa msichana, kisha uso wake.

"Ngoja kwanza. Weye njo ule Atana wa mu groupe? Mwenye anatukosoa siku zote?"

Kumbe wote wawili walikuwa katika kundi moja la WhatsApp la wapenda maua, ambamo mtu hutuma picha ya jani na kuuliza jina lake, na watu thelathini hujibu majina thelathini. Naye alikuwa Jean-Luc wa Kashebere, anayechaji simu za watu kwa jua. Mbele ya duka lake alikuwa na maua mengi kuliko wateja, na walevi wa Kashebere walimwita Mama Fleur.

"Na hasira haikupate?" Athanasie aliuliza.

"Banaita, kisha banaomba ua moja ya kupelekea bibi. Nitakasirika ju ya nini?"

Alimwachia ule mche. Athanasie aliupakata njia nzima juu ya pikipiki hadi kilimani kwao, juu ya Kalembe, na tuseme ukweli, haukuwa mche alioufikiria.

Wiki mbili baadaye risasi zilisikika kwenye kilima cha pili. Ng'ombe wao watatu walichukuliwa. Kaka yake, Faustin, aliondoka alfajiri bila kuaga, na siku tatu zikapita kabla hajapiga simu kutoka Goma kusema harudi. Papa Makuza, baba yao, hakulia. Alikata miti miwili mizito, akailaza kukingama lango la ua, akasema:

"Toka leo, hapa hakuna mutu anatoka bila miye."

Hakuyasema kwa ubaya, na huo ndio ulikuwa ugumu wenyewe. Mtu akikufungia kwa ubaya unamchukia na kutoroka. Akikufungia kwa upendo, akakuletea na uji asubuhi, utamfanya nini? Miezi minane Athanasie hakuvuka ile miti. Fromaji zilichukuliwa kila Ijumaa na Plamedi, dereva wa pikipiki. Ulimwengu wake ukawa nyumba, nyumba ya maziwa, zizi, na simu, ambayo ilishika mtandao mahali pamoja tu, ukisimama juu ya ndoo iliyopinduliwa karibu na ndama.

Hapo juu ya ndoo ndipo alipopendwa.

"Sheri wangu, leo uko juu ya ndoo?" Jean-Luc alimuuliza simuni jioni moja.

"Niko juu, lakini harakisha, ndama anakula kitenge yangu."

"Mwambie huyo ndama niko na wivu."

"Jean-Luc, nachoka na hii kiwanja. Kila siku ukuta ile ile, matope ile ile. Utasema niko mufungwa mu kachot."

"Njo tuipambe hiyo kachot. Nitumie picha."

Alituma. Siku ya pili Jean-Luc alimrudishia mchoro kwenye karatasi ya hesabu, kila mraba hatua moja. Mstari wa maua kutoka langoni hadi nyumba ya maziwa. Mbele, jeranium fupi. Katikati, dalia. Nyuma kabisa, safu ya kordilini kumi na mbili, miti mifupi ya majani mekundu, "zisimame kama wasimamizi wa harusi."

"Harusi ya nani?" Athanasie aliuliza.

"Ya jeranium na dalia. Weye ulizani ya nani?"

"Fala weye!"

Ijumaa Plamedi alileta furushi la vijiti kumi na viwili vilivyofungwa kwa gunia bichi, vitupu, bila jani hata moja. Athanasie alivipanda kwa mkono wake, akipima kwa kamba. Baba alimwona, akapita. Msichana aliyefungiwa acha achimbe. Mvua ikanyesha. Vijiti vikachipua.

Majani yalitoka ya kijani. Athanasie alingoja wekundu wiki moja, wiki mbili. Yakarefuka, yakachongoka, na yakabaki ya kijani.

Asubuhi moja Papa Makuza alisimama na ndoo ya maziwa mkononi, na maziwa yakawa yanamwagika naye hana habari.

"Nani amepanda mupaka mu kiwanja yangu?"

Katika vilima hivi mfugaji anaujua mti ule, na mkulima anaujua. Hupandwa mahali shamba la mtu linapoishia na la mwenzake linapoanzia. Wazee wa pande mbili huupanda pamoja, na hakuna aung'oaye peke yake. Anayeung'oa peke yake ameanzisha ugomvi ambao wajukuu wataurithi.

"Ni maua, Papa," Athanasie alisema.

"Imetoka wapi?"

"Kashebere."

"Kwa balimaji, benye kutaka kilima yetu." Aliifuata safu kwa macho, kutoka langoni hadi nyumba ya maziwa. Nyumba upande huu, ng'ombe upande ule. "Banapima muzuri. Baniachie nyumba, bao bachukue ng'ombe. Na mukono yenye imepanda ni ya mutoto wangu."

Athanasie alipanda juu ya ndoo, akampigia Jean-Luc.

"Ulinitumia, Jean-Luc. Ulinipaka mafuta na maneno ya sheri-sheri, nikapanda mupaka yenu!"

"Mupaka gani? Sheri, naapa, sielewi..."

"Mulimaji hajui muti ya mupaka? Na miye nikuamini?"

Mtandao ukakatika. Alipogeuka, baba alikuwa amesimama nyuma yake na mkono ameunyosha. Akampa simu.

Zilifuata wiki tisa mbaya kuliko ile miezi minane. Papa Makuza hakuuvuka ule mstari. Alizunguka nyuma ya nyumba kila asubuhi kwenda kukamua, mzee wa miaka sitini na saba, gotini matope. Athanasie alitaka kung'oa. "Usiguse," baba alimkataza. "Mutu mumoja aking'oa, hiyo ni vita. Njo kitu bananingojea nifanye." Basi ikawa kifungo ndani ya kifungo, na mlinzi wake ni majani. Usiku na mchana alibishana na moyo wake. Kama Jean-Luc alimdanganya, mbona alimkumbuka hivyo? Na kama hakumdanganya, mbona yuko kimya? Alisahau kwamba simu iko mfukoni mwa baba, imezimwa. Aliyependa husahau mambo mepesi.

Jumanne moja mchana mbwa walibweka. Langoni alisimama Jean-Luc, shati lake jeupe limekula tope hadi kifuani, na pembeni yake mzee wa koti na kofia.

"Hodi, Papa Makuza. Miye naitwa Pierre, mujomba wa huyu mupumbafu. Sikuja na vita. Nilikuja na haya mu uso."

Papa Makuza aliwaacha nje ya miti. "Sema haya yako, nasikia."

"Kule kwetu miye njo naitwa kupanda mipaka, batu bakigombana shamba. Nilikata vijiti vyangu kumi na mbili, nikaweka mu boutique ya huyu, mu maji. Yeye pia aliweka vyake vya maua, mu maji. Bila majani, Papa, hata miye siwezi kuvitenga. Akafunga furushi mbili. Moja ikakuja hapa. Ingine miye nikachukua, nikapanda katikati ya mashamba ya bandugu babili, mbele ya batu yote, na sala nikaomba." Mzee alivua kofia. "Balingoja igeuke kijani, ikakataa, wiki imepita bananiita haraka. Nafika, nakuta mupaka imetoka nyekundu. Nyekundu kama kanzu ya korali ya kanisa! Bale bandugu bamecheka hata bamesahau balikuwa banagombana. Sasa hakuna mwenye anataka ing'olewe."

Kisha kitu kikaanza kutikisika tumboni mwa Papa Makuza. Mwanzo kilifanana na kikohozi. Athanasie hakukitambua mara moja, kwa kuwa alikuwa hajasikia baba akicheka tangu Faustin aende.

Wakaingizwa. Wazee wawili wakashika kila mti wa mpaka pamoja, mmoja upande huu, mmoja upande ule, wakavuta. Jean-Luc akasogea karibu na Athanasie.

"Nilipiga simu mara mia mbili."

"Uongo."

"Mia na tisini, basi. Uliamini kweli naweza kukufanyia vile?"

Angeweza kumdanganya. "Niliamini," alisema, machozi yakimtoka. "Siku ingine asubuhi naamini, mangaribi nakataa. Nisamehe."

"Miye njo mwenye kufunga furushi bila kuangalia. Tusameheane, sheri, ao nirudi na hii matope bule?"

Mti wa kumi na mbili ulipotoka, Papa Pierre alijifuta mikono. "Iko na neno ingine, Papa. Huyu kijana na binti yako..."

"Neno ya mupaka imeisha," Papa Makuza alimkata. Kicheko kilikuwa kimekwisha usoni pake. "Mukunywe maziwa, muende muzuri."

Jean-Luc aliinamisha kichwa. Athanasie akaona jinsi itakavyokuwa: maziwa yatanyweka, miti ya lango itabaki palepale, na yeye atarudi juu ya ndoo bila simu hadi nywele ziote mvi. Akapiga moyo konde.

"Papa, wiki tisa kila mutu anauliza hii kilima ni ya nani. Hakuna mwenye aliniuliza miye nataka kuwa wa nani."

"Athanasie..."

"Nampenda, Papa. Nasema mbele yako, mchana, macho kwa macho. Faustin alikufichia, akaenda bila kuaga. Miye pia ningeweza kutoroka. Hiyo miti haifiki hata kiunoni. Kila siku naiangalia na siiruki, ju niko nangoja weye unifungulie."

Papa Makuza alikaa juu ya kizingiti cha nyumba ya maziwa. Aliifuta mikono yake yenye udongo magotini.

"Niliogopa," alisema mwishowe, taratibu. "Nilizani nikifunga, sitapoteza tena."

"Najua, Papa."

Aliinuka. Akatoa simu mfukoni, akampa. Akaenda langoni na kubeba mti wa kwanza, akakataa Jean-Luc asimsaidie, akabeba na wa pili.

"Enda kusalimia mama yake. Papa Pierre, weye njo nakuachia. Na weye, kijana, Jumapili, siku ya Mungu, unamurudisha hapa, na bakubwa benu, tuseme bya mahari. Ukichelewa hata saa moja, nitakuja mwenyewe Kashebere."

"Sitachelewa, Papa."

Athanasie hakubadili hata kitenge. Alipita pale miti ilipokuwa. Jean-Luc alikuwa akisema kitu kuhusu mama yake na ndizi za kupika, hakusikia. Alishuka mteremko wote ametega sikio nyuma, akingoja mlio wa baba akirudisha miti mahali pake. Wakafika mtoni, wakavuka, na mlio haukuja.