Kifurushi cha Kabiru

Haya yalimpata Mideva, rafiki yangu wa mtaa wa Huruma, Nairobi, na hadi leo hapendi kuyasimulia. Chumbani mwake kuna kompyuta kuukuu ambayo ndiyo ghala: yeye na Ryan hupandisha vifurushi vya programu humo, na maduka ya wateja wao huvisakinisha kutoka pale. Walilianzisha pamoja na marehemu Kabiru wa Murang'a, ambaye walimcheka kwa kugeuza L kuwa R hata akiandika.

Alasiri moja stima ilipotea. Ghorofa za pale zimebanana, chumba kikawa giza totoro. Kompyuta na intaneti zikabaki kwa betri. Mideva alipopandisha toleo jipya la kifurushi kimoja, ghala lilikataa. Toleo hilo lilikuwepo tayari, limepandishwa sasa hivi na Kabiru.

Akampigia Ryan. "Wewe, umeingia kwa jina la marehemu?"

"Mimi? Niko Dandora, sina hata kompyuta."

"Paswadi yake tunayo sisi wawili tu, Ryan. Wacha mchezo."

Akakata simu, akachomoa waya wa intaneti ili mtu wa nje asimwingilie, akakisakinisha kile kifurushi aone Ryan ameficha nini ndani. Mlangoni kitu kilikuwa kikikwaruza. Alidhani ni panya. Feni ya kompyuta ilinguruma, ikanyamaza. Mikwaruzo nayo ikanyamaza. Kwenye skrini ukatokea mstari mmoja:

"Mideva, fungua mrango."