Bibi Harusi wa Kitaluni

Alasiri moja Mzee Mbolea, muuza miche, alimwita mkewe amletee mkasi wa kupogolea, na sauti ikaitika "Abee" kutoka upande wa vichaka. Mkasi haukuja. Alipoingia jikoni alimkuta mkewe anamenya vitunguu, macho yanamtiririka.

"Nimekuita, ukaitika, halafu ukakaa."

"Mimi sijaitika, mume wangu. Labda umeanza kuitikiwa na mbolea yako."

Wakacheka. Watu waliozeeka pamoja huchekea mambo ambayo wangepaswa kuyakimbia. Nasema hivyo mimi ninayelala taa ikiwaka, kwa hiyo nisimcheke mtu.

Mzee alijisifu kwamba hakuna kichaka cha maua kilichowahi kumficha jina lake. Kimoja tu kilimshinda, wiki chache kabla ya alasiri ile. Alikata kipandikizi chake katika ua wa nyumba iliyohamwa, akakichomeka kwenye kopo la rangi, na kabla mizizi haijatulia kikatoa maua meupe. Akavunja jani, akanusa. Akakamua utomvu: mwekundu. Majani yalikabiliana mawilimawili kama ya asumini, lakini petali zilikuwa nene kama nta, na chini ya manukato yake kulikuwa na harufu ya chuma kilicholowa. Sasa, muuza miche haachi mche bila jina, maana mteja hanunui asichoweza kukitaja. Basi kwa mzaha akaandika kwenye kibao jina alilokuwa akimwita mkewe tangu walipooana: Bibi Harusi.

Tangu hapo kichaka kikanenepa, mkewe akakonda.

"Kuna mtu analala kati yetu," alinong'ona asubuhi moja, akipangusa udongo kwenye mto. "Ananisukuma. Ana miguu ya baridi."

"Ndoto tu hizo, Bibi Harusi."

"Usiniite hivyo. Kila ukiniita anatangulia yeye kuitika, na mimi napungukiwa pumzi."

Mzee akachukua mkasi, akakipogoa kichaka mpaka kikabaki kisiki, akasahau jambo analowafundisha wateja kila siku, kwamba kupogoa ndiko kunakochipusha, na jua lilipozama machipukizi yalikuwa yamefika dirishani, yanagonga kioo taratibu kama kucha za mgeni mwenye adabu, na harufu ile ikapenya chini ya mlango, ikapanda kitandani, ikamkalia mkewe kifuani mpaka midomo yake ikageuka rangi ya udongo, na huko nje sauti ya mkewe yule yule, ile ya ujanani, ikauliza kwa upole: "Mume wangu, mbona umelala na mtu baki?"

Mganga aliyeitwa kulipokucha alikuwa mama mnene, mwenye ubani mkononi na malalamiko kuhusu magoti yake. Aliagiza mgonjwa alazwe kwenye mkeka mbele ya kichaka.

"Aliyemo kichakani umemwita mke, naye kakubali," alimwambia mzee. "Wewe ulitania. Majini hawana utani. Mkane sasa hivi. Mtaje mkeo kwa jina alilopewa na wazazi wake."

Mzee akafungua kinywa, kikabaki wazi.

"Usiniambie umelisahau," mkewe akanong'ona.

"Lipo. Lipo hapa hapa mdomoni."

"Litafute upesi, baba. Mimi sina siku nzima," mkewe akasema.

Akalitafuta huku jasho linamtoka, akarudi nyuma kupita vitalu vyote na nyumba zote walizopanga, mpaka akamwona msichana mlangoni kwao, mama yake anamwita ndani. Akalitamka. Maua yote yakadondoka kwa pamoja. Mganga akang'oa kisiki. Mizizi ilikuwa imesukwa kama nywele. Mkewe akavuta pumzi ndefu, akaomba chai.

Wiki hiyo nzima mzee alilichezea jina lile kama mtoto mwenye kiatu kipya. Jioni moja, wameketi wote wawili barazani, akamwita kwa furaha tu.

"Nipo," akasema mkewe kando yake.

"Nipo," ikasema sauti nyingine, chini ya sakafu.

Siku hizi katika nyumba ile hakuna amwitaye mwenzake. Mzee akimtaka mkewe humtafuta kimya, chumba kwa chumba, na akimpata humshika mkono kwanza, aone kama una joto.